Gari Lisilokunywa Maji

Ebla Diriye hakulipenda gari la mumewe tangu siku ya kwanza, wala hakuficha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, bibi harusi wa siku tatu, Siyad alipoinua turubai uani kwao, mtaa wa Galbet mjini Garissa, na kumwonyesha kitu cha chini, cha mviringo, rangi ya samli, chenye usukani upande wa kushoto na injini nyuma, mahali ambapo magari mengine yana buti.

"Huyu ndiye mke mwenzako," Siyad akasema akicheka.

"Basi mwenzangu huyo alale huko huko nje," Ebla akamjibu, akarudi jikoni.

Lilikuwa Porsche 912 E la mwaka 1976. Kiwanda kiliyatengeneza kwa mwaka mmoja tu kikaacha, tena kwa soko la Marekani peke yake. Hilo moja lilifika Garissa kwa ukaidi wa mhandisi mmoja Mmarekani aliyekuja kuchimba visima vya kutafuta mafuta. Alilishusha melini Mombasa na kuliendesha mwenyewe hadi mto Tana, watu wakiacha biashara zao wasimame kutazama. Visima vilipotoka vikavu alifunga mizigo yake akaondoka. Gari akamwachia dereva wake, mzee Kerrow, pamoja na kitabu cha ufundi chenye picha nyingi. Mzee alipofariki, gari likawa la mwanawe Siyad, na jina la Siyad likaandikwa kwenye logibuku, kitabu cha usajili.

Siyad alikuwa fundi katika karakana ya magari ya idara ya barabara, mtu mpole, mwenye kucha nyeusi ambazo hazikutakata hata siku ya Idi. Kilichompendeza katika gari lile si mbio zake. Ni kwamba halikuwa na rejeta. Injini yake ilipozwa na upepo wa feni tu. "Nchi hii watu wanauana kwa ajili ya kisima," alikuwa akisema, "na mimi nina gari lisilokunywa maji." Hakutaja kwamba lilikunywa oili, kwamba vumbi liliziba njia za upepo, na kwamba mkanda wa feni ukikatika lilikuwa tayari kuungua kabla hujamaliza kikombe cha chai. Mitambo yake ya asili ya kulishia petroli ilishindikana zamani. Mzee Kerrow aliing'oa akafunga kabureta mbili za Kombi, kwa kuwa injini zile zilikuwa za ukoo mmoja. Tangu hapo gari likaishi kwa viungo vya Kombi kuukuu.

Kila Ijumaa baada ya swala walivuka daraja la Tana hadi mji wa Madogo na kurudi, yeye na mkewe na baadaye binti yao Mulki. Siku nyingine Ebla alikaa kando ya injini akimpa Siyad spana. Miaka ilivyokwenda alijikuta anajua ipi itaombwa kabla haijaombwa, na akisikia mlio anajua ni vali ipi imelegea. Hakuomba kufundishwa. Iliingia tu, kama lugha ya majirani inavyoingia.

Mwaka 2014 injini ilianza kukohoa. Siyad akaifungua, akakuta vali ya moshi imeungua na kichwa cha silinda kimepasuka. Akapiga simu huku na huko, akasikia kuna Kombi imetelekezwa Habaswein, njia ya Wajir, nyuma ya zahanati ya zamani, miaka mingi bila mwenyewe.

"Habaswein, kwa barabara ile?" Ebla akauliza. "Na hali ya usalama ilivyo sasa? Kwa ajili ya bati hili?"

"Siku mbili tu. Kesho jioni nitakuwa nimerudi."

Waligombana. Ebla alimwambia kwamba kama angekuwa gari huenda angetazamwa vizuri zaidi. Siyad akacheka, akachukua gunia na mfuko wa spana, akapanda basi la asubuhi la kupitia Modogashe.

Kesho yake saa kumi alasiri alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto. "Ebla, nimepata vichwa vyote viwili. Vizima kabisa. Nipo hotelini kwa mama mmoja hapa, nangojea basi."

"Umekula?"

"Nakunywa chai."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwake.

Aliyeona yaliyofuata ni mwenye hoteli, mjane aitwaye Osob. Alisema lilikuja gari jeupe lisilo na namba, wakashuka wanaume wanne wenye silaha, hawakuvaa sare yoyote aliyoweza kuitambua. Waliuliza mgeni ni nani na kwenye gunia mna nini. Siyad akafungua gunia, akawaeleza habari za vichwa vya silinda. Mmoja akakitikisa kile chuma kama mtu anayetikisa nazi. Kisha wakampandisha garini. Gunia wakaliacha chini.

Ebla alimtafuta mwaka mzima na zaidi, pamoja na Abdow, mdogo wake Siyad, ambaye aliwaacha ng'ombe wake mikononi mwa watu ili asimwache shemeji yake aende peke yake. Walikwenda Wajir, wakaenda Nairobi. Kila ofisi walipoingia waliambiwa hayupo kwao, na wajaribu ofisi nyingine. Walijifunza njia za vyumba vya maiti. Siku moja waliambiwa kuna maiti imeokotwa na wachungaji njia ya Liboi. Wakaenda. Kilichokuwa kimebaki hakikuwa na uso, lakini meno ya mbele yalikuwa kamili, na Siyad alikuwa na pengo tangu utoto. Ebla akasema, "Alhamdulillahi, si yeye," kisha akaona kando yake mwanamke mwingine amesimama, naye amekuja kutambua, akajuta kwa alichosema.

Mjini watu walianza kupunguza kupita nyumbani kwake. Mtu hachukuliwi bure, walisema. Hawakusema mbele yake, lakini alilisikia hilo katika salamu zilivyofupishwa.

Miezi mitatu baada ya Siyad kuchukuliwa, kondakta wa basi alishusha gunia mlangoni. Osob ndiye aliyelituma. Ebla akalivuta hadi uani, akalifungua, akaona vichwa viwili vya alumini, vizito, vyenye vumbi la Habaswein. Akaketi chini akavitazama mpaka adhana ya alasiri.

Kesho yake alianza kuvisafisha kwa petroli na mswaki. Mulki, aliyekuwa kidato cha nne, alimkuta ameinamia injini na kile kitabu cha picha kimefunguliwa juu ya ndoo.

"Hooyo, mama yangu, unafanya nini?"

"Baba yako akirudi alikute linawaka."

Ilimchukua miezi saba. Alikosea, akafungua tena. Mafundi wawili waliokuja kumsaidia aliwarudisha, kwa sababu mmoja alitaka kukaza nati kwa nguvu za mikono tu, bila spana ya kipimo, na Siyad hakuwa akikaza hivyo. Asubuhi lilipowaka, moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakakimbia, na Ebla akalizima haraka akaingia ndani akalia kwa mara ya kwanza. Tangu hapo alikuwa akiliwasha kila wiki. Kila baada ya miezi michache alipima nafasi za vali alfajiri, injini ikiwa baridi, kwa kibati chembamba kilichobaki na mafuta ya vidole vya mumewe. Hakuliendesha. Mtu akimuuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Yuko safarini."

Miaka ikaenda hivyo. Mulki akawa mwalimu wa shule ya msingi. Halafu ukaja ukame, ule uliokaa misimu mitano bila mvua ya maana. Ng'ombe wa Abdow walianza kufa mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mpaka akabaki na fimbo tu. Alihamia pembezoni mwa mji na mkewe Rukiyo na watoto wanne, kwenye kibanda cha matawi na maturubai ya msaada. Mtu aliyekuwa akiita ng'ombe kwa majina sasa alipanga foleni ya unga.

Siku moja Abdow alikuja Galbet na mgeni, bwana mmoja nadhifu kutoka Nairobi anayenunua magari ya kale. Alikuwa ameona picha ya gari hilo kwenye simu ya mtu. Alilizunguka mara tatu, akachutama akasoma namba, akainuka na macho yanayong'aa.

"Mama, unajua una kitu gani hapa?"

"Najua," Ebla akamjibu kwa Kiswahili chake. "Hii gari hapana uzwa."

"Logibuku ina jina la Siyad Kerrow. Naweza kuongea naye?"

"Iko safari."

Yule bwana akamtazama Abdow. Abdow akatazama chini. Mgeni alipokwisha kuondoka, Ebla alimgeukia shemeji yake.

"Umemleta mtu nyumbani kwa kaka yako bila kuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa. Dumaashi, shemeji yangu, nisikilize. Kaka amekufa. Wewe unajua. Mimi najua. Kadhi akitamka hivyo, gari hili litakuwa mirathi. Wewe una fungu lako, Mulki analo lake, na kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, mimi nina langu. Nina watoto wanne wanaolala na njaa."

"Kwa hiyo unataka nimuue ili ugawiwe."

Abdow alisimama, mtu mrefu aliyekonda, akavaa kandambili zake akatoka. Ebla alijua amesema neno baya kwa mtu aliyetembea naye vyumba vyote vya maiti, lakini hakumwita. Walikaa miezi miwili bila kusalimiana.

Katika mwezi wa tatu, binti mdogo wa Abdow, Hinda, mwenye miaka minne, aliugua kuhara. Mwili uliokuwa umekwisha nguvu haukustahimili. Alikufa asubuhi, siku ya pili ya ugonjwa. Ebla ndiye aliyekwenda kumwosha. Alimwosha kwa maji machache, katika beseni, na mwili ule ulikuwa mwepesi hata aliogopa kuugeuza. Baada ya maziko alikaa na Rukiyo ndani ya kibanda.

Kisha Rukiyo akasema, bila chuki yoyote, "Mimi angalau najua wangu alipo."

Ebla alirudi nyumbani kwa miguu. Alipofika alimwambia Mulki, "Kesho usiende shule. Tunakwenda kwa kadhi."

Mulki akashika mdomo. Kwa miaka mingi alitaka kusikia maneno hayo.

Kesi haikuwa ndefu. Osob aliitwa shahidi, akaja kwa basi kutoka Habaswein, amezeeka, anachechemea. Kadhi alimuuliza Ebla mara ya mwisho alisikia nini kutoka kwa mumewe.

"Alisema anakunywa chai."

"Na baada ya hapo, barua, simu, salamu kwa mtu?"

"Hakuna."

"Miaka mingapi?"

"Kumi."

Kadhi alivua miwani akaifuta. Akahukumu kwamba Siyad Kerrow ahesabiwe marehemu tangu siku ya hukumu hiyo, na mkewe akae eda ya miezi minne na siku kumi. Ebla alisikia Abdow nyuma yake akilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyejizuia muda mrefu. Yeye mwenyewe hakuhisi kitu, isipokuwa kiu.

Walipitia ofisi ya vyeti kabla hajaingia edani. Karani, msichana aitwaye Zeinab, alijaza fomu kwa adabu, akafika mahali akasimama.

"Mama, samahani. Mahali pa kifo niandike wapi?"

"Hukumu inasemaje?"

"Haisemi."

"Basi usiandike."

"Na sababu?"

Ebla akamtazama yule binti, ambaye alikuwa mtoto mdogo wakati Siyad alipochukuliwa. "Mwanangu, ukija kuijua, nipigie simu."

Osob alilala kwao kwa siku tatu, kwa kuwa basi la kwao lilikuwa limeharibika. Siku ya pili, wakichambua mchele barazani, alisimamisha mikono.

"Kuna jambo sikumwambia kadhi," alisema. "Siku ile kulikuwa na lori la mbuzi lililoondoka saa tisa. Mumeo alitaka kulipanda. Mimi nikamwambia, mzigo wako mzito, utachoka juu ya lori, ngoja basi, kaa nikutilie chai nyingine. Ni mimi niliyemkalisha."

Ebla aliendelea kuchambua. Akatupa kijiwe kimoja, akatupa cha pili.

"Miaka kumi nimekuwa nikitaka kulisema," Osob akasema.

"Chai ilikuwa na maziwa?"

"Ya ngamia. Alisifu."

"Alipenda ya maziwa ya ngamia," Ebla akasema. Kisha akaongeza, "Nami nilimtukana siku aliyoondoka. Kila mmoja wetu ana lake." Wakamaliza mchele.

Watu walianza kuja kuhani. Wale waliokata mguu miaka yote sasa walijaza ua, na sukari, na mchele, na majani ya chai, kwa sababu sasa ulikuwa msiba wenye jina, na msiba wenye jina una utaratibu wake. Ebla aliwapokea wote. Mulki ndiye aliyekasirika.

"Walikuwa wapi?"

"Walikuwa wanaogopa, mwanangu. Hata mimi ningeogopa."

Warithi walikubaliana gari liuzwe, na mambo ya kubadilisha jina lake yalikwenda miezi miwili. Eda ilikuwa imevuka nusu yule bwana wa Nairobi alipokuja na lori la kubebea magari na fundi wake. Ebla alikaa chumbani akiwa na nguo zake za eda, dirisha limefungwa nusu. Alimsikia fundi akifungua nyuma ya gari.

"Kabureta si zake. Na vichwa hivi ni vya Kombi."

"Tutavitoa vyote," yule bwana akajibu. "Viungo vya asili nitaagiza Ujerumani. Bodi ndiyo muhimu, na namba."

Kisha wakajaribu kuliwasha. Starta ikazunguka, injini isishike. Wakajaribu tena, na tena, mpaka betri ikaanza kunung'unika, na petroli ikanuka hadi chumbani. Fundi alikuwa anaizamisha injini katika petroli kwa kukanyaga mafuta. Ebla alivumilia, akashika tasbihi, akaiweka. Alipomsikia yule fundi akisema walisukume, aliinuka akatoka.

"Hooyo, eda!" Mulki akamzuia mlangoni.

"Sitoki nje ya ua wangu."

Wanaume walirudi nyuma walipomwona, mwanamke wa makamo amejifunika mpaka vidoleni. Aliketi kwenye usukani wa upande wa kushoto. Hakukanyaga mafuta hata kidogo. Alingoja, kama Siyad alivyokuwa akingoja, kisha akazungusha ufunguo. Likawaka. Akaliacha lipate moto wake, akisikiliza. Vali ya silinda ya tatu ilikuwa imeanza kulegea kidogo. Angeipima wiki ile.

"Mimi napandisha," akasema.

Hakuna aliyebisha. Alilipandisha polepole juu ya mbao mbili, lori lenyewe likiwa limeingizwa kinyumenyume hadi langoni, akalizima, akavuta breki ya mkono. Alikaa pale juu kitambo kifupi, mikono yake kwenye usukani. Kisha akashuka kinyumenyume, kwa shida, Mulki akimshika kiuno, akampa yule bwana funguo bila kumtazama, akaingia ndani.

Alinawa mikono. Harufu ya petroli haikutoka.

Mafungu yalitolewa kama sheria inavyotaka. Abdow alinunua mitamba na ngamia wawili majike, akahama na familia yake kuelekea malisho ya upande wa Liboi, mvua zilizofuata zilipoleta majani. Kabla ya kuondoka alikuja kuaga. Alisimama uani, kwenye udongo mweusi wa oili ulioenea pale gari lilipokaa kwa zaidi ya miaka thelathini, akajikuta amesimama juu yake, akasogea.

"Umenisamehe, dumaashi?"

"Hukukosea. Lakini nikikuona nitaumia kwa muda. Nenda na ng'ombe wako, utarudi."

Mwaka huo huo mafuriko yaliwachukua ng'ombe watatu wa Abdow. Aliobakiwa nao wanaishi.

Ebla alipomaliza eda, wenye bajaji wa mtaani walianza kumletea injini zao, kwanza kwa mzaha, kisha kwa kweli, kwa kuwa alisikia ugonjwa kabla ya kufungua. Anafanya kazi hiyo asubuhi, amekaa juu ya kigoda, spana zimepangwa juu ya gunia. Hazungumzi sana. Siku moja dereva mgeni, aliyehamia kutoka Mandera, alimuuliza ufundi huu kamfundisha nani.

"Mume wangu."

"Yuko wapi mzee?"

Ebla alikuwa ameshika kibati kati ya vali na chuma kinachoigusa, macho yamefumbwa, akipima. Hakuyafumbua.

"Alle ha u naxariisto," alisema, yaani Mungu amrehemu, maneno asemewayo maiti, na ndiyo mara yake ya kwanza kuyatamka. Yule dereva akaitikia amina. Ebla akachomoa kibati, akakiangalia, akakirudisha tena, kwa sababu kipimo hakikuwa sawa.